Mtamba anayetafuna mfupa

Wiki iliyopita mama mmoja wa Pongwe, hapa Tanga, aliniita nimwangalie mtamba wake. "Dokta, anashinda malishoni, tumbo limejaa, lakini mbavu unazihesabu. Na sasa anakula mifupa." Tulimkuta nyuma ya shamba la mkonge, mdomoni ana mfupa mweupe wa mbuzi, anaugeuza shavu hadi shavu huku mate yakichuruzika.

Nikaomba kifumbu kikuukuu. Nikatia humo konzi ya kinyesi chake, nikakisuuza mpaka maji yakatoka meupe. Vikabaki vipande vya nyasi virefu kama pingili ya kidole. Cha ng'ombe wake wa maziwa, anayelishwa bandani, kikabaki kama machicha yaliyokamuliwa mara tatu. Boma moja, mwenye mifugo mmoja, matumbo mawili tofauti kabisa.

Ng'ombe mwenyewe hawezi kuvunja nyuzinyuzi za nyasi. Kazi hiyo hufanywa na vijidudu wa tumbo kuu, wakiwemo bakteria kama Fibrobacter succinogenes na Ruminococcus flavefaciens, ambao hujishikiza kwenye jani na kulimeng'enya kidogo kidogo. Nao wanataka kula, na wanachohitaji ni pamoja na madini ya fosforasi. Fosforasi imo katika vinasaba vyao, katika utando wa seli zao, na katika namna wanavyobeba nguvu ya kufanyia kazi. Ikipungua sana hawazaliani inavyotakiwa, na nyasi zinakaa tumboni muda mrefu.

Hata hivyo tumbo hilo lina akiba ya ajabu: mate. Ng'ombe mkubwa humeza lita 100 na zaidi za mate kwa siku, na mate hayo hurudisha fosforasi kutoka kwenye damu. Damu ikipungukiwa, huchota kwenye mifupa. Ndiyo maana upungufu hauonekani kwa juma moja. Mwanzo mnyama hupunguza kula, ukuaji unadorora, joto la kutaka dume linachelewa, ndipo baadaye unamwona na mfupa mdomoni. Ukifika hapo ujue mifupa yake mwenyewe imeshakopwa kwa miezi.

Tufanye hesabu. Nyasi za kiangazi zilizokomaa mara nyingi zina fosforasi gramu 1 tu, au pungufu, kwa kila kilo ya nyasi kavu. Mtamba wa kilo 200 akila kilo 5 anapata gramu 5, na ili akue anahitaji kama maradufu yake. Yule wa maziwa bandani anapewa pumba za mahindi na mashudu ya nazi. Kilo moja ya mashudu hayo ina takriban gramu 6, na pumba nazo si haba. Fosforasi ya pumba imefungwa kwa namna ambayo kuku hufaidi sehemu ndogo tu, lakini vijidudu wa ng'ombe wanaifungua bila shida. Huyo hahitaji kuongezewa fosforasi. Anayekula pumba nyingi, nina wasiwasi zaidi na kalisiamu yake.

Mama akaniambia kwa masikitiko kwamba jiwe la chumvi lipo, na mtamba analilamba kila jioni. Hili linaniuma, kwa sababu nakutana nalo kila mahali, kuanzia Muheza hadi Pangani: watu wananunua jiwe wakiamini wamemaliza habari ya madini. Jiwe la kawaida ni chumvi, pengine na madini machache ya kiasi kidogo. Soma lebo. Kama fosforasi haikutajwa na asilimia yake, haimo.

Unaponunua madini dukani, ulizia DCP ya mifugo, yaani unga wa madini ya kalisiamu na fosforasi. Gramu 30 zake zina fosforasi gramu 5 hivi. Usimpe ng'ombe mbolea ya fosfeti, hata ile ya Minjingu inayofaa sana shambani: ina floridi nyingi, nayo huharibu meno na mifupa. Mifupa ya kuokota pia mnyang'anye. Takriban miaka 100 iliyopita, kule Afrika Kusini, daktari wa mifugo Arnold Theiler alionyesha kwamba ng'ombe wenye njaa ya fosforasi walikuwa wakitafuna mizoga, wakapata sumu ya botulizimu, wakapooza na kufa.

Lakini sikumwanzishia mtamba yule DCP peke yake. Kifumbu kinasema nyasi hazikumeng'enywa, hakisemi kimekosekana nini. Nyasi zenye protini chini ya asilimia 7 huwadhoofisha vijidudu wale wale, na katika kiangazi hiyo ndiyo pungufu ya kwanza. Ukitia fosforasi mahali pasipo na protini, nyingi itatoka na kinyesi na fedha yako imekwenda. Kwa hiyo tulikata majani ya lusina ya uani, mti wa malisho wenye protini, mzigo mmoja wa jioni, tukaongeza nusu kilo ya mashudu ya nazi, kisha DCP iliyochanganywa na chumvi kidogo ndani ya kihori chenye paa.

Nikamsihi mama asiache kumpa DCP masika yakianza. Wengi huacha wakiona majani mabichi, na hapo ndipo mtamba anapokua kwa kasi: protini imepatikana, mwili unadai fosforasi kuliko wakati wowote. Kifumbu kile nimemwachia. Asuuze kinyesi kila Ijumaa, aanike mabaki juu ya gunia, nami nitapita baada ya wiki sita tuyatazame pamoja.