Je, wajua: kujiua kuko kwenye damu?

Iringa, kwenye msiba wa mtu aliyejiua, hukosi kusikia mtu akinong'ona: "Ndiyo damu ya Wahehe hiyo." Mbeya nilikokulia tuliisikia pia, na kwa miaka mingi niliiamini. Wanaoitetea humtaja Mtwa Mkwawa, aliyejitoa uhai mwaka 1898 asikamatwe na Wajerumani, kana kwamba kila kifo cha namna hiyo tangu hapo kimeanzia kwake.

Kauli hiyo haina mzizi. Wahehe kuwa taifa moja ni jambo la karne ya 19: Munyigumba, baba yake Mkwawa, ndiye aliyeunganisha himaya ndogondogo chini ya utawala mmoja. Watu hawawi damu moja kwa kutawaliwa na mtu mmoja. Mkwawa mwenyewe alikuwa kiongozi aliyesakwa na jeshi tangu ngome yake ya Kalenga ianguke mwaka 1894, na mjukuu wake, Adam Sapi Mkwawa, alikuwa Spika wa Bunge miaka mingi na akafa mzee. Isitoshe, tafiti kubwa za jeni (vinasaba tunavyorithi kwa wazazi) kuhusu kujiua zimefanywa zaidi kwa watu wenye asili ya Ulaya. Hakuna sayansi iliyoona kitu kwenye damu ya Mhehe, wala ya Mbena, wala ya Mnyakyusa.

Nilipoachana na kauli hiyo nikaangukia kosa la pili: nikadhani jeni hazihusiki kabisa. Zinahusika, ila ndani ya familia. Denmark, mwaka 1979, watafiti walifuatilia watu waliolelewa na wazazi wasiowazaa kisha wakajiua. Kati ya ndugu zao wa damu 269, waliokuwa wamejiua ni 12. Kwenye kundi la kulinganisha, la waliolelewa vivyo hivyo lakini hawakujiua, kati ya ndugu wa damu idadi hiyohiyo walikuwa 2. Wengi wa ndugu hao wa damu hawakuishi nao, kwa hiyo huwezi kusema walifundishana.

Sasa tazama mapacha wa kufanana, wenye jeni zilezile. Utafiti wa mwaka 1991 ulichukua jozi 62 ambazo angalau pacha mmoja alijiua. Waliojiua wote wawili ni jozi 7 tu. Kwa mapacha wasiofanana ilikuwa jozi 2 kati ya 114. Kufanana jeni kunaongeza hatari, lakini jozi 55 zilizobaki, ambazo pacha wa pili hakujiua, zinasema jambo kubwa zaidi.

Mkulima wa viazi mviringo wa Isyonje au Makete atalielewa upesi. Kiazi mbegu ni kipande cha mama yake, kwa hiyo viazi vya uzao mmoja ni mapacha wa kufanana. Panda nusu bondeni kwenye mvua mfululizo bila dawa, na nusu juu penye upepo, ukipiga dawa kwa wakati. Bondeni ukungu utaunguza majani, juu utajaza magunia. Udhaifu mbele ya ukungu umo kwenye mbegu kweli, na aina nyingine ingestahimili bondeni. Lakini udhaifu siyo ukungu.

Kwa binadamu mvua ni sonona, ulevi, mateso ya utotoni, deni, aibu. Dawa ni matibabu na mtu wa kukusikiliza. Na hakuna jeni moja ya kujiua: ni nyingi mno, kila moja na mchango mdogo sana, ndiyo maana hakuna kipimo cha damu kinachoweza kumtabiria mtu.

Utasoma pia kwamba kujiua "kunarithiwa" kwa asilimia 30 hadi 55. Asilimia hiyo haigawi maisha ya mtu mmoja. Inaeleza tofauti kati ya watu wengi. Rudi shambani: ukipiga dawa sawasawa kote, tofauti zitakazobaki zitatokana zaidi na mbegu, na asilimia ya "urithi" itapanda, ingawa mbegu hukuigusa.

Kwa hiyo daktari akikuuliza kama kuna aliyejiua kwenu, mjibu bila kuficha. Anataka kujua shamba lipi alitembelee mapema. Na ukimwona ndugu amejifungia, amekata tamaa, muulize waziwazi kama anawaza kujiua, kisha umsindikize hospitali. Kumuuliza hakumtii wazo hilo kichwani. Wengi hupumua kwa kupata pa kulisemea.