Sefti kijana asiyenasa mipira: je, ameshindwa?

Katika futiboli ya Kimarekani, wengi huamini kwamba sefti kijana aliyesajiliwa kwa sifa kemkem, akimaliza msimu na mipira miwili tu aliyoinasa, basi hakufikia matarajio. Imani hiyo inaeleweka: kunasa pasi ya mpinzani ndicho kitu kinachoonekana na kuandikwa.

Lakini sefti ni beki wa nyuma kabisa. Uwanja una upana wa takriban mita 49, na kwa kawaida nyuma huko hulindwa na wawili, pengine mmoja peke yake. Akisimama panapotakiwa, mrusha pasi humwona na kutupa kwingine. Kazi hiyo haiingii kwenye takwimu. Kunasa nako kuna bahati yake. Mpira uliogonga mkono wa mwenzake ukamwangukia huhesabiwa sawa na ule alioukimbilia. Hata wingi wa kuangusha wapinzani waweza kupotosha: huenda safu ya mbele inavuja, naye anaziba tu.

Ukitaka kujihakikishia, tafuta picha za kamera ya juu zinazoonyesha wachezaji wote 22, maana kamera ya kawaida ya televisheni hufuata mpira na mara nyingi humwacha sefti nje ya picha. Mwangalie yeye tu tangu mpira unapoanzishwa. Hatua zake mbili za kwanza zinaelekea wapi? Anahadaiwa na macho ya mrushaji? Mpinzani akimponyoka beki wa pembeni, yeye anawahi kuziba? Kisha linganisha misimu miwili au mitatu. Katika ligi kuu ya Marekani kila timu hucheza mechi 17 kabla ya mtoano, na kwa maoni yangu hizo ni chache mno kumhukumu kijana wa miaka 22.