Mwenyeji wa USB: nani anaongoza, nani analisha kwenye konsoli ya mkononi

Anayenunua Steam Deck, konsoli ya mkononi ya kampuni ya Valve, huulizia magemu kwanza. Swali la USB huja baadaye, siku anapotaka kuchomeka kibodi au diski ya nje na kugundua kwamba kifaa kizima kina tundu moja la USB-C, tena ndilo hilohilo la chaja. Anachomeka kibodi, inaandika. Anaichomoa na kuweka chaja palepale, betri inaanza kujaa. Tundu ni lile lile, ila dakika moja linatoa umeme na dakika inayofuata linapokea. Linajuaje zamu yake?

Hapa ndipo inapoingia dhana ya mwenyeji wa USB.

USB haijui usawa. Kila vifaa viwili vinapounganishwa, kimoja ni mwenyeji na kingine ni mgeni. Mwenyeji ndiye anayeuliza, mgeni hujibu tu. Kibodi haina ruhusa ya kusema yenyewe kwamba herufi A imebonyezwa, inangoja iulizwe. Mausi ya kawaida huulizwa mara 125 kila sekunde: umesogea? umesogea? Ndiyo maana ukiunganisha flashi mbili kwa waya, hata waya uwe mzuri kiasi gani, hakuna kitakachotokea. Ni wageni wawili barazani na nyumba haina mwenyewe.

Tangu toleo la kwanza la mwaka 1996, mwenyeji alibebeshwa na kazi ya pili, kumlisha mgeni. Chakula chenyewe ni umeme wa volti 5. Kwa sheria za USB 2.0, mgeni akifika anaruhusiwa kula miliampea 100, kisha akiomba na kukubaliwa anapanda hadi 500, yaani wati 2.5. USB 3.0 ilipandisha kikomo hadi miliampea 900. Kompyuta ya mezani haioni shida, kwa kuwa yenyewe inakula ukutani. Konsoli ya mkononi inatoa kwenye betri yake, na kila tonge la mgeni ni dakika za gemu zilizopungua.

Kwa hiyo konsoli nyingi za zamani zilikwepa mzigo huo kabisa. PSP ya Sony, iliyotoka Japani mwaka 2004, ilikuwa na tundu la USB, lakini kazi yake ilikuwa kuwa mgeni. Uliichomeka kwenye kompyuta, kompyuta ikaiona kama flashi, ukahamisha faili zako. Ukiichomekea flashi yenyewe, huambulii kitu. Tena PSP ya kwanza haikuchaji kwa tundu hilo. Ilikuwa na tundu lake la chaja pembeni, na kuchaji kwa USB kulikuja na toleo jembamba la mwaka 2007.

Njia ya kati ilikuwa imeshaandikwa mwaka 2001, nayo inaitwa OTG, yaani On-The-Go. Wazo lake ni kifaa kidogo kinachoweza kuwa mgeni mbele ya kompyuta na mwenyeji mbele ya kibodi. Ujanja uko kwenye pini ya ziada ndani ya kichwa cha waya. Pini hiyo ikiwa imeunganishwa na waya wa ardhi, kifaa kinajua "mimi ndiye mwenyeji". Ikiwa imeachwa wazi, kinabaki mgeni. Waya mfupi wa OTG unaouzwa kwenye maduka ya simu hauna uchawi mwingine: una tundu pana la USB upande mmoja, na upande wa pili pini ile imeunganishwa na ardhi.

Watu wengi hudhani OTG maana yake ni kwamba kifaa kitaendesha chochote utakachokichomeka. Sivyo. Sheria ya OTG ya mwanzo ilimtaka mwenyeji mdogo atoe angalau miliampea 8. Nane! Kitaa cha LED peke yake kinaweza kula 20. Mtengenezaji aliruhusiwa kutoa zaidi akitaka, lakini jina OTG lenyewe halikuahidi kulisha diski.

Walioenda mbali zaidi ni watengenezaji wa Pandora, konsoli ndogo inayotumia mfumo wa Linux iliyoanza kuwafikia wanunuzi mwaka 2010. Waliweka tundu pana kabisa la USB, kama la laptopu, na kando yake tundu dogo la OTG. Lakini tundu pana lilikuwa na kituko chake, kwa sababu lilizungumza kwa kasi ya juu ya USB 2.0 peke yake, megabiti 480 kwa sekunde. Mausi huzungumza polepole, megabiti 1.5 tu, kwa hiyo ukiichomeka moja kwa moja inaonekana imekufa. Dawa ilikuwa kuweka habu katikati, kile kidude kinachogawa tundu moja kuwa manne. Habu ya USB 2.0 ina mkalimani ndani yake: upande wa konsoli inakimbia, upande wa mausi inatembea.

Habu nayo ina hesabu yake ya chakula. Habu isiyo na chaja inapewa miliampea 500 na mwenyeji, inajiwekea 100, na zinazobaki inazigawa kwa matundu manne, 100 kila moja. Namba nne ya matundu kwenye habu za zamani imetoka hapo. Niliwahi kuweka kibodi, kipokezi cha mausi na diski ya nje ya inchi 2.5 kwenye habu ya namna hiyo. Taa ya diski ikawaka, ikalia tk, tk, ikanyamaza, ikaanza upya. Nilishaanza kuomboleza picha zangu. Diski haikuwa na kosa. Mota yake inapoanza kuzunguka huweza kudai karibu ampea nzima, na ilikuwa inapewa sehemu ya kumi. Nilipoihamishia kwenye habu yenye chaja yake, ilifunguka bila maneno.

USB-C, iliyotangazwa mwaka 2014, ilileta badiliko ambalo kwa maoni yangu ndilo kubwa kuliko kichwa kisicho na juu wala chini: ilitenganisha kuongoza na kulisha. Mwenyeji wa data anaweza kulishwa na mgeni wake. Mgeni njoo, mwenyeji apone, safari hii kwa volti na ampea.

Utambulisho hufanyika kwenye pini mbili ziitwazo CC. Anayetaka umeme huweka hapo rizista (vipingamizi vya umeme) za kilo-omu 5.1 kwenda ardhini, na anayetoa huziona. Asipoziona, hatoi kitu. Baadhi ya konsoli za bei nafuu zenye tundu la USB-C hazikuwekewa rizista hizo, ndipo unakuta mtu analalamika kwamba chaja yake nzuri ya laptopu haichaji, ila chaja ya zamani ya simu inachaji. Waya wenye USB-C pande zote mbili unangoja utambulisho. Waya wa zamani wenye kichwa kipana umezoea kumwaga volti 5 bila kuuliza.

Baada ya utambulisho, chaja ya kisasa na konsoli hupatana bei kwa lugha iitwayo Power Delivery. Huanza na volti 5, kisha chaja inataja ilicho nacho, na konsoli inachagua. Chaja ya Steam Deck hufika volti 15 na ampea 3, wati 45. Ukiiwekea chaja ya simu ya wati 10 itakubali, itakuonya kwamba chaja ni dhaifu, na ukicheza gemu zito betri itashuka huku chaja imo.

Sasa chukua doki, yaani kituo cha kuunganishia konsoli na vifaa vingine, iliyochomekwa ukutani, yenye kibodi na televisheni, kisha iunganishe na konsoli. Kwa sheria ya USB-C, anayetoa umeme mwanzoni ndiye anayehesabiwa mwenyeji. Maana yake konsoli inaingia kama mgeni wa doki, jambo lisilofaa, maana doki haina cha kuiuliza. Basi vinazungumza kupitia CC na kubadilishana cheo cha data peke yake. Umeme unaendelea kutoka doki kwenda konsoli, maswali yanatoka konsoli kwenda kibodi. Yote yanaisha kabla televisheni haijaonyesha picha.

Bila chaja, hesabu inarudi kwenye betri. Steam Deck ya mwaka 2022 ina betri ya wati-saa 40, na Valve wanasema inadumu saa 2 hadi 8. Gemu jepesi la saa 8 linakula wati 5 hivi. Chomeka kifaa cha wati 2.5 na jumla inakuwa 7.5, saa 8 zimeshuka hadi 5 na dakika 20. Kwenye gemu zito la wati 20 mgeni huyohuyo anakula dakika 13 tu. Ajabu yake ndiyo hiyo: diski inaumiza zaidi unapocheza gemu dogo.

Pa kuangalia sana ni pale unapochomoa chaja ya doki huku konsoli ingali imeunganishwa. Konsoli, iliyokuwa ikipokea, inatakiwa igeuke mtoaji papo hapo. Power Delivery ina njia ya kugeuka haraka bila umeme kukatika, lakini lazima pande zote mbili ziwe nayo. Zisipokuwa nayo, kuna nukta ambayo hakuna anayelisha. Kibodi hupotea na kurudi bila madhara. Diski iliyokuwa katikati ya kuandika faili inaweza isirudi salama, kwa hiyo mimi huitoa kwanza kwenye programu, nikasubiri taa yake itulie, ndipo nikashika waya wa chaja.