Msaada wa Maafa Uliwafikia Walengwa? Namna Wakaguzi Wanavyopata Jibu

Baada ya kila maafa makubwa, ofisi za ukaguzi hupokea malalamiko ya aina moja: "Msaada umeliwa." Huenda ni kweli. Ila lalamiko la namna hiyo halimpi mkaguzi pa kuanzia, kwa sababu yeye hufuata mali: ilitoka wapi, ilipokelewa na nani, ikaishia mikononi mwa nani.

Safari hiyo ina karatasi zake. Bidhaa zikiingia ghalani huandikiwa hati ya kupokelea na kuingizwa kwenye leja, yaani daftari la mali ya ghala. Zikitoka huandikiwa hati ya kutolea, yenye namba ya gari na jina la dereva. Kituo cha ugawaji nacho husaini kwamba kimepokea, na kiasi kilichofika hulinganishwa na kilichotoka. Upungufu wowote lazima uelezwe kwa maandishi. Magunia yaliyolowa na kuteketezwa yanahitaji hati ya uteketezaji iliyosainiwa na kamati. Neno la mtunza ghala peke yake halitoshi. Mwisho ipo orodha ya walengwa, yenye saini au alama ya dole gumba.

Wengi hudhani mkaguzi akishaona saini amemaliza. La hasha. Saini zenye mwandiko mmoja ukurasa baada ya ukurasa ndizo zinazotutoa sisi wakaguzi ofisini. Tunachagua wenyewe sampuli ya kaya, bila kuchaguliwa na viongozi wa eneo, kisha tunauliza ana kwa ana: ulipewa nini, lini, kiasi gani, na je, ulitozwa chochote?

Halafu tunageuza njia. Tunaanzia kwa waathirika wenyewe na kutafuta majina yao kwenye orodha. Hapo ndipo waliosahaulika huonekana. Orodha ikitengenezwa kwa hati za umiliki wa nyumba, wapangaji wote huachwa nje. Kila aliyeandikwa anaweza kuwa amepata haki yake kamili, na bado msaada ukawa haukufika ulikotakiwa.

Upo pia upande wa pili. Baada ya kimbunga Katrina cha mwaka 2005, wakaguzi wa GAO, ofisi ya ukaguzi iliyo chini ya Bunge la Marekani, walichunguza sampuli ya malipo 250 na kukadiria kuwa takriban asilimia 16 ya fedha walizolipwa watu binafsi hazikustahili au zilikuwa na dalili za udanganyifu, kiasi cha dola bilioni 1. Miongoni mwa waliolipwa walikuwamo wafungwa, na mwombaji mmoja aliandika anwani ya makaburi kuwa ndiyo nyumba yake iliyoharibika. Haraka ya kuokoa watu inaeleweka, lakini haizuii kuhakiki anwani.

Sasa kuhusu "hati safi", yaani maoni ya mkaguzi kwamba hesabu za taasisi ziko sawa, jambo tunalolirudia kila mwaka. Hati safi inahusu hesabu kuonyeshwa kwa usahihi katika mambo yote ya msingi. Haisemi kwamba hakuna aliyeiba, wala haisemi kwamba mwathirika fulani alipata mahema yake. Swali hilo hujibiwa na ukaguzi wa ufanisi, unaopima kama kazi ilifikia lengo lake, au ukaguzi maalumu, unaofuatilia jambo moja mahususi. Na mkaguzi hagawi msaada, wala hamkamati mtu. Anaandika hoja, yaani kasoro inayohitaji maelezo; afisa masuuli, yaani mkuu wa taasisi anayewajibika kwa fedha na mali zake, anatakiwa kuijibu kwa vielelezo ndani ya muda aliopewa. Hoja isiyojibiwa huingia kwenye ripoti inayokwenda bungeni, na penye dalili za jinai jalada hupelekwa kwa vyombo vya uchunguzi.

Si kila hoja ni wizi. Mara nyingine viongozi huchukua msaada wa kaya chache wakaugawa sawasawa kwa wote ili kuepusha ugomvi. Nia inaweza kuwa njema, lakini aliyepoteza kila kitu amepunjwa, na hoja itaandikwa.

Kwa hiyo ukilalamika, taja kituo cha ugawaji, tarehe, ulichoandikiwa na ulichopokea, na kama jina lako lilisomwa. Ukiwa na nakala ya kadi ya usajili, iambatanishe. Unaweza kuomba jina lako lihifadhiwe kwa siri; ila lalamiko lisilotaja hata kituo litasubiri, maana hatujui tufungue leja ipi.