Katibu Mkuu Kiongozi si sekretari wa Rais

Kila ninapowafundisha watumishi wapya wa umma, hakosekani anayesimama na kueleza, kwa uhakika wote, kwamba Katibu Mkuu Kiongozi ni sekretari wa Rais aliyepewa cheo kirefu. Dhana hiyo imenichosha. Katibu wa Rais ni mtu mwingine kabisa. Katibu Mkuu Kiongozi ni Katibu wa Baraza la Mawaziri, na Ibara ya 60 ya Katiba ya Tanzania ya mwaka 1977 inamkabidhi kupanga ratiba na shughuli za mikutano ya Baraza, kuandika na kutunza kumbukumbu zake, na kuwaarifu wahusika uamuzi uliofikiwa.

Anayeiona kazi ya kumbukumbu kuwa ya kikarani tu na aitazame Uingereza, tulikoirithi. Hadi Desemba 1916, Baraza la Mawaziri la huko halikuwa na katibu wala kumbukumbu rasmi, na kila waziri alirudi wizarani na uamuzi kama alivyoukumbuka yeye. Mwaka 1882 katibu wa waziri mmoja alilazimika kumwandikia mwenzake wa ofisi ya Waziri Mkuu kuuliza ni nini hasa kilichoamuliwa, maana mkubwa wake alijua kuna jambo limepitishwa lakini hakujua ni lipi. Vita Kuu ya Kwanza ndivyo vilivyomfanya Waziri Mkuu Lloyd George amweke Maurice Hankey kuwa katibu aandike, naye Hankey akaishika kalamu hiyo hadi 1938. Dunstan Omari alipoishika kazi kama hiyo Tanganyika mwaka 1962, alirithi kalamu iliyokwisha kuthibitisha uzito wake.

Wapo wanaomhesabu Katibu Mkuu Kiongozi kuwa mjumbe wa Baraza. Ibara ya 54 haimtaji kati ya wajumbe.

Wengine humchanganya na Katibu Mkuu wa chama tawala, na hapo siwalaumu sana, kwani Februari 2021 Bashiru Ally alitolewa katika nafasi hiyo ya CCM kuja kumrithi marehemu John Kijazi kama Katibu Mkuu Kiongozi. Alikaa mwezi mmoja hivi, akafuata Hussein Kattanga. Zanzibar nayo ina Katibu Mkuu Kiongozi wake, ambaye pia ni Katibu wa Baraza la Mapinduzi.

Kwa kuwa Sheria ya Utumishi wa Umma ya mwaka 2002 inamtambua huyu wa Muungano kama kiongozi wa utumishi, wengi humwandikia moja kwa moja kila wanapocheleweshewa kupandishwa daraja. Anza kwa mwajiri wako, na usome Kanuni za Kudumu za Utumishi wa Umma kabla hujanunua bahasha.