Kudijitaizi mchoro: nyuki wa picha na nyuki wa uzi

Mteja anaingia kibandani, anatoa simu na kunionyesha picha ya nyuki. Anauza asali, na anamtaka nyuki huyo kwenye aproni kumi na mbili na taulo nne za jikoni. "Fundi, si unaingiza tu picha kwa mashine halafu inashona?"

"Ingekuwa hivyo, mama, ningekuwa nimelala."

Swali hilo naulizwa karibu kila wiki, na jibu lake ndiyo maana ya neno ambalo sisi tunaodarizi kwa mashine tunalo mdomoni kutwa: kudijitaizi.

Mashine ya kudarizi haioni picha. Haimjui nyuki, haijui bawa ni nini wala tumbo ni nini. Kazi yake ni kusogeza fremu iliyobana kitambaa hadi hapa, kushusha sindano, kusogeza hadi pale, kushusha tena. Kudijitaizi basi ni kukaa mbele ya kompyuta na kuigeuza picha kuwa orodha ya hatua hizo, maelfu yake, kwa mfuatano ulioupanga wewe. Faili ya aina ya DST, iliyoanzia kwenye mashine za Tajima za Japani na ambayo leo inasomwa na mashine nyingi za kibiashara, hupima kila hatua kwa sehemu za kumi za milimita, na hatua moja haizidi milimita 12.1. Rangi haimo ndani yake. Faili inasema tu: simama, badilisha uzi. Ukimtumia mwenzako faili bila kumwandikia mpangilio wa nyuzi, usishangae kurudishiwa nyuki wa kijani mwenye mabawa mekundu.

Kudarizi kwenyewe si jambo geni kwetu. Anayeshona kofia ya vito kule Lamu anafanya maamuzi yaleyale: aanzie wapi, uzi ulale vipi, tundu likae wapi. Tofauti ni kwamba yeye huamua sindano ikiwa mkononi, na akikosea anafumua palepale. Anayedijitaizi huamua yote kabla ya uzi kugusa kitambaa.

Mishono yenyewe ni ya aina tatu hivi. Kuna wa mstari, unaotembea hatua kwa hatua kama wa cherehani ya kawaida. Kuna wa satini, unaokwenda na kurudi ukiziba ukanda mwembamba na kung'aa. Na kuna wa kujaza, wa maeneo mapana. Nyingine nyingi ni ndugu za hizo.

Sasa tumrudie nyuki. Beji ya sweta ya shule, ambayo ndiyo mkate wa vibanda vingi hapa Nairobi, ni herufi na ngao, maumbo bapa. Nyuki ana manyoya kifuani, ana mabawa yanayoonyesha kilicho nyuma yake, ana miguu myembamba kama unywele. Kabla ya yote mimi huhesabu. Picha nyingi za mtandaoni zina nyuki wa miguu minne na mabawa mawili. Nyuki wa kweli ana miguu sita na mabawa manne, na yote yameota kifuani, si tumboni. Mnunuzi wa taulo huenda asijali, lakini mfugaji nyuki ataliona kosa hilo akiwa mlangoni.

Mabawa yanatangulia, kwa sababu yako chini ya mwili. Kwa kawaida mistari ya uzi hukaa milimita 0.4 kutoka mmoja hadi mwingine, kitambaa kikazibwa kabisa. Kwenye bawa naiachanisha hadi milimita moja au zaidi, kwa uzi wa kijivu hafifu, ili kitambaa kichungulie. Halafu juu yake napitisha mishipa ya bawa kwa mshono wa mstari. Hapo ndipo bawa linapoonekana jepesi. Ukilijaza kama tumbo, unapata nyuki aliyevaa koti.

Kwenye tumbo, siri ni mwelekeo. Uzi wa polista hung'aa, na mng'ao wake hubadilika kulingana na upande uliolalia. Uzi uleule wa manjano, ukilazwa kwa pembe mbili, macho yatakuapia kwamba ni rangi mbili. Kwa hiyo kila mstari wa tumbo naushona satini na kuigeuza mishono polepole kadiri mstari unavyopinda, na tumbo linajaa mviringo bila kuongeza rangi hata moja. Kifua ni kinyume chake: huko nataka vurugu, mishono mirefu na mifupi yenye kingo zisizo sawa, ndiyo manyoya hayo. Miguu inakuja karibu na mwisho. Satini ya chini ya milimita moja hukata kitambaa kwa matundu yaliyosongana, kwa hiyo miguu naipitishia mshono wa mstari mara mbili au tatu, basi.

Kuna jambo lisiloonekana kwenye skrini: uzi huvuta. Kila mshono hukivuta kitambaa upande wake, hata jicho ulilolichora duara likatoka yai. Dawa yake ni kulichora nene kidogo upande huo, na kutanguliza mishono ya msingi inayokishikanisha kitambaa na karatasi ya nyuma, ile inayowekwa chini ya kitambaa kukitegemeza.

Ndiyo maana nilimwambia mama wa asali kwamba aproni na taulo si nyuki mmoja. Turubai la aproni limetulia, halivutiki. Taulo lina vitanzi vinavyochomoza katikati ya mishono kama majani kwenye nyufa za lami. Linahitaji utando mwembamba wa juu unaoyeyuka kwa maji, na mishono ya msingi zaidi. Ingekuwa tisheti, ningetaka karatasi ya nyuma inayobaki humo daima, kwa sababu fulana hunyumbulika kila ikifuliwa.

Iko programu ya kudijitaizi ya bure kabisa, Ink/Stitch, inayofanya kazi ndani ya Inkscape, programu ya kuchorea. Na ziko zenye kitufe cha kudijitaizi zenyewe. Kwa nembo ya herufi mbili kitufe hicho kinafaa. Kwa nyuki kinakuletea mbawakawa.

Malipo basi yako mafungu mawili, na wengi hugombana na fundi hapa. Kudijitaizi hulipwa mara moja. Kushona hulipwa kwa kila kipande, mara nyingi kwa kuhesabu mishono: nyuki wa mishono 10,000, mashine ikienda mishono 700 kwa dakika, ni robo saa hivi, na bado hujabadilisha uzi wala kukatikiwa nao.

Mama wa asali alirudi akiwa na kofia sita. Alitaka nyuki yuleyule, wa sentimita tatu sasa. "Si unampunguza tu?" Ukiibana faili ya mishono, mara nyingi hesabu ya mishono haipungui, 10,000 ileile inarundikana kwenye eneo dogo, kitambaa kinakuwa ubao na sindano inavunjika. Nikafungua ukurasa mpya. Nyuki wa kofia ana mistari mitatu tumboni badala ya mitano, mabawa hayana mishipa, na kifua hakina manyoya. Miguu sita nilimwachia.