Wanafunzi waliosafisha New Orleans baada ya Katrina: yasemwayo na yaliyo kweli

Dhana: Upepo ndio uliouangamiza mji.

Kimbunga Katrina kilipiga kusini mwa Marekani 29 Agosti 2005, na upepo wake uliharibu mengi. Lakini kilichoizamisha New Orleans ni kubomoka kwa matuta ya kuzuia maji na kuta za mifereji, ikiwamo ya 17th Street, London Avenue na Industrial. Karibu asilimia 80 ya jiji ilifunikwa na maji, na kwingine maji yalituama kwa wiki kadhaa. Hili ndilo lililoamua kazi ya kujitolea ingekuwa ya namna gani: nyumba nyingi hazikuanguka, zilibaki zimesimama huku ndani zimeoza.

Dhana: Anayefika miezi baadaye amechelewa.

Maelfu ya wanafunzi wa vyuo walikwenda Machi 2006, wakati wa likizo ya machipuko. Waokoaji walikwishaondoka, na kazi ilikuwa tele. Wenye nyumba wengi walikuwa bado katika miji waliyokimbilia, kama Houston, Atlanta au Baton Rouge. Baraza la jiji nalo likaweka 29 Agosti 2006 kuwa ukomo wa kusafisha nyumba zilizoharibika. Ajuza aliyekimbilia Texas, asiye na fedha za kumlipa mkandarasi, angefanyaje bila vijana hao?

Dhana: Ni kazi ya misuli tu.

Kwanza hutolewa magodoro, makochi na mazulia. Friji haifunguliwi kamwe. Huzungushiwa utepe wa gundi ikabebwa nzima, maana nyama iliyomo imeoza kitambo. Kisha jipsamu ya ukutani huvunjwa kwa mtaimbo, sufi ya kuzuia joto huondolewa, na misumari hung'olewa mmoja mmoja hadi nguzo za mbao zibaki tupu. Nguzo husuguliwa ukungu, zikaachwa zikauke kabisa. Ukipiga jipsamu mpya juu ya mbao mbichi, ukungu utarudi na jasho lote litakuwa la bure.

Hapo sijataja hatari. Nyumba zilizojengwa kabla ya 1978 huenda zina rangi yenye madini ya risasi, nyingine zina asbesto, nyuzi za madini zinazodhuru mapafu. Ndiyo maana barakoa ya N95 inayochuja vumbi, miwani, glavu, mabuti yenye soli ngumu na chanjo ya pepopunda si mapambo. Dawa ya klorini haichanganywi na amonia, kwa kuwa hutoa gesi ya sumu. Jenereta haiwashwi ndani wala karibu na dirisha: moshi wake una kaboni monoksaidi, ambayo haina harufu na huua.

Dhana: Kilicholowa ni takataka.

Hii ndiyo inayoniuma zaidi. Albamu iliyovimba, Biblia yenye majina ya ukoo, sare ya marehemu: mgeni huona uchafu, mwenyewe huona maisha yake. Kabla ya koleo la kwanza, mwenye nyumba aulizwe atafutiwe nini, na chochote cha namna hiyo kiwekwe kando mpaka yeye aamue. Akitaka kusimama barazani asimulie, toroli na lisubiri.

Dhana: Nguo za mitumba husaidia siku zote.

Zisipoombwa, hujaza maghala na kula muda wa watu wa kuzichambua. Fedha hufaa zaidi. Na kikundi kipange mapema mwenyeji wa kukipokea, malazi, chakula na maji yake. Kisipofanya hivyo, kitagawana na waathirika kile kidogo walichobakiwa nacho.